Mlango Usiomjua Bibi

Wanamapambano wenzangu! Ninyi mlioketi mbele na ninyi mliosimama nyuma, ninyi mliokuja mkiamini na ninyi mliokuja kunipinga, nawasalimu nyote kwa ujumla wenu: wewe peke yako, Zuhura, mwanangu, hadhira yangu nzima ya alasiri hii.

Nivumilie. Mdomo wangu ukikutana na jambo zito hutafuta jukwaa kwanza, ndipo utafute maneno. Hata leo, nikiwa mwanafunzi tena wa shahada ya pili na mvi zikinichungulia, vijana wa darasani hunisukuma mbele kila panapotakiwa mtu wa kupaza sauti. Kwa hiyo nimechagua kalamu. Nikikueleza kwa mdomo nitahutubia, na nikihutubia nitajitetea, na jambo hili halina utetezi.

Umekwenda Mabawa kuwaaga wenzako. Baba yako yuko uani, anafunga sanduku lako kwa mpira wa ndani wa baiskeli, anauvuta kama mtu anayetaka lisifunguke tena. Nami nimekaa ukumbini, mlango wa mbele uko wazi, naandika haraka kabla hujarudi. Barua hii isisubiri ufike Arusha. Isome leo. Ukishaisoma utajua kwa nini.

Sitakuandikia habari za neti wala sweta wala namna ya kula bwenini. Hayo unayajua kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu umebeba kosa kwa miaka tisa, na kesho unataka kupanda nalo basi. Kosa hilo ni langu. Nataka ulishushe kabla sanduku halijapakiwa.

Juzi, tulipokuwa tunakula, baba yako alikuuliza kama jambo dogo tu:

"Basi litapita Pongwe. Si uanzie huko, umuage bibi yako, kisha ulipandie palepale barabarani?"

"Nitampigia nikifika, Baba."

"Bibi yako hataki simu. Anataka mkono wako."

"Mizigo ni mingi, Baba."

Ulikuwa na sanduku moja na mfuko mmoja. Baba yako akanitazama mimi, mimi nikautazama wali. Leo asubuhi nimemfuata kwenye karakana yake nikamwambia yote nitakayokuandikia hapa. Alikuwa anajaza upepo gurudumu la mteja. Lilikuwa limeshajaa, akaendelea kujaza. Kisha akasema, "Miaka tisa, Saumu. Kila Ijumaa nikitoka kuswali napanda baiskeli kwenda Pongwe kubeba maneno yako." Nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha kwa kiganja. "Mimi usiniombe kwanza. Kamwambie mtoto kabla hajaondoka."

Basi nakwambia.

Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa na miaka thelathini, mume mmoja na mtoto wa miaka saba. Wenzangu wa darasani walikuwa wadogo kwangu kwa miaka kumi, wakaniita Mama Zuhura, na jina hilo wakalipigia kelele hata kwenye maandamano. Jina lako, mwanangu, limeimbwa na mamia ya watu ambao hawajakuona. Wewe mwenyewe ulikuwa Pongwe kwa bibi yako, kwa sababu baba yako alishinda kwenye karakana, na mimi nilikuwa Dar es Salaam nikiukomboa ulimwengu.

Mwaka wa tatu tulipata mhadhiri mmoja mpole aliyetufundisha kazi niliyoipenda kuliko siasa yenyewe. Aliiita ubunifu wa kudadisi kesho. Badala ya kungoja teknolojia ifike ndipo mlalamike, alituambia, tengenezeni leo kitu cha kesho, kwa mbao na gundi na uongo mdogo. Kiwekeni mbele ya watu katika maisha yao ya kawaida kana kwamba kimeshafika. Waacheni wakiguse, wakicheke, wakikasirikie. Hakihitaji kufanya kazi, wala hakiuzwi. Kinauliza swali moja tu: tukikikubali hiki, tutakuwa watu gani? Na sharti lake moja, ambalo mhadhiri alilirudia mpaka tukamcheka, lilikuwa kwamba mtu yeyote mtakayemuumiza kwa kitu chenu awe amekubali mapema kuumizwa.

Mimi nilitaka kuuliza habari ya hodi. Nyumba yetu hii ya Ngamiani unaijua: ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, familia nne, na siku nzima inakwenda kwa hodi. Mtu akibisha, sauti yake inatangulia mwili wake. Aliye ndani anajua ni nani, anapata nafasi ya kujifunga kanga vizuri, kufuta machozi kama alikuwa analia, kisha anasema karibu. Tayari wakati ule nilikuwa nimesoma habari za milango inayotambua nyuso na kujifungua yenyewe. Nikajiuliza: siku milango hiyo ikifika Ngamiani, hodi itakwenda wapi? Na ile karibu itasemwa na nani?

Nikatengeneza mlango. Unaukumbuka, kwa sababu ulinisaidia kuupaka rangi ya fedha. Ubao mwembamba mbele ya mlango wetu halisi, jicho la kitako cha chupa, taa mbili za baiskeli za baba yako, nyekundu na kijani, na bomba la plastiki la kupitishia sauti ili itoke nzito na baridi. Mashine haikuwamo. Nyuma ya ubao kulikuwa na kigoda, tochi, karatasi yenye orodha ya majina, na wewe, mwenye miaka kumi, uliyekuwa umerudi nyumbani mwezi mmoja tu kutoka Pongwe.

Nilikufunza Ijumaa nzima. Mtu akifika: "Taja jina lako." Aliye kwenye orodha: taa ya kijani, "Umetambuliwa. Karibu." Asiyekuwamo: taa nyekundu, "Samahani. Hutambuliki." Hakuna neno jingine.

"Ukiwa humo ndani wewe si Zuhura," nilikwambia. "Wewe ni mashine."

"Mashine inakula?"

"Haili."

"Inakwenda chooni?"

"Haiendi."

"Maskini. Ina mama?"

Nilicheka, nikasema, "Ina mama. Ni mimi." Nikachukua daftari nikayaandika mazungumzo yale, maana niliona ni hazina ya utafiti.

"Ina bibi?" ukauliza.

Nikajifanya natafuta mkasi. Hilo sikuliandika.

Jumamosi watu walijaa barabarani. Wanafunzi wenzangu walikuja Tanga kutoka Dar es Salaam, majirani wakatoka na viti vyao. Majirani watatu walikubali mapema kukataliwa, ili umma uone. Bi Tatu, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, alikuwa mmoja wao, lakini taa nyekundu ilipowaka alisahau kwamba alikubali.

"Hunitambui? Wee mlango, mimi nimekuja nyumba hii wewe bado mti porini!"

"Samahani. Hutambuliki."

"Na usiku ukigongwa na wezi, utamwita nani akupigie yowe? Utaniita mimi!"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kisha Mzee Shomari, karani mstaafu, akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwa heshima zote: "Mwanangu, hivi kitu hiki hakiwezi kurekebishwa kisimfungulie shemeji yangu, kuanzia saa sita mpaka alasiri? Saa nyingine zote ni ndugu yangu kabisa." Nikaliandika na hilo. Nikawaza: tazama jinsi chombo kinavyomfanya mtu mwema atafute wa kumwacha nje. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, nikapigia mstari.

Nikapanda juu ya kreti la soda, nikahutubia.

Yaliyotokea mlangoni wakati ule nilisimuliwa na Bi Tatu, aliyekuwa amekaa barazani bado anauchukia mlango. Wewe uliyasikia ukiwa ndani. Nayaandika ili mimi na wewe tuwe tumeyasoma pamoja angalau mara moja.

Bibi yako Mwanakombo alifika peke yake, bakuli la bluu kichwani, limefunikwa kawa. Sikuwa nimemwalika. Baba yako alimtajia tu kwamba Jumamosi kuna shughuli nyumbani, naye kwake shughuli ni shughuli, mtu haendi mikono mitupu. Alikuwa amekupikia mkate wa kumimina.

"Hodi!"

Sauti nzito bombani: "Taja jina lako."

"Jina langu? Mke mwenzangu, ni wewe uko humo? Toka unipokee, bakuli lanielemea."

"Taja jina lako."

"Haya, tumeanza na mambo ya serikali. Mwanakombo binti Saidi, wa Pongwe. Umeridhika?"

Bi Tatu anasema alisikia karatasi ikigeuzwa, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kisha taa nyekundu.

"Samahani. Hutambuliki."

"Mimi?"

"Samahani," na safari hii, anasema Bi Tatu, sauti haikuwa na ubaridi wowote, ilikuwa ya mtoto anayezuia kulia, "hutambuliki."

Sisi tunajua kwamba mtu akibisha hodi mara tatu asijibiwe, huondoka, na hapaswi kuwa na kinyongo. Adabu yetu inajua la kumwambia mtu asiyejibiwa. Kwa mtu aliyejibiwa, na mjukuu wake aliyemlea, kwamba hajulikani, adabu yetu haina neno. Bibi yako akaliteremsha bakuli barazani, akaliweka kawa sawa. "Mwambieni mjukuu wangu ungali wa moto," akamwambia Bi Tatu. "Mimi nnakwenda zangu." Hakukaa. Hakunywa hata maji.

Jioni ile baba yako aliuliza, "Nani amemkatalia mama yangu mlango?"

Nikajibu, sauti yangu haikutetereka: "Mtoto amekosea kusoma. Jina lipo, mle ndani kuna giza, hakuliona."

Ulinitazama. Kisha ukatazama chini, ukasema, "Sikuliona, Baba." Ilikuwa kweli, Zuhura. Hukuliona kwa sababu halikuwapo. Asubuhi yake ulinijia na kuniomba ile karatasi. "Nataka kuona nilipokosea," ulisema. Nikakwambia nimeichoma.

Sikuichoma. Imo ndani ya bahasha hii. Isome. Ina majina thelathini na moja kwa mwandiko wangu. Bi Tatu na wenzake wawili nimewaacha kwa makubaliano. Yumo hadi muuza kahawa wa kona. Bibi yako hayumo, mbele wala nyuma. Ulisoma vizuri. Ulisoma vizuri mara zote mbili.

Sasa uniulize kwa nini. Nimelijibu swali hili kichwani mwangu kwa miaka tisa kwa hotuba nzuri nzuri, na zote ni uongo. La kweli ni fupi. Nilimwonea wivu bibi yako kwa ajili yako.

Miaka mitatu nilipokuwa mbali, nilipiga simu kila Jumapili. Nilisimama nje ya bweni, upande ambao mtandao unashika, sikio moja nimeliziba kwa kidole. Nilisikia sauti ya bibi yako: "Njoo umsalimie mama yako." Nikasikia ndala zikija mbio. "Shikamoo." Marahaba mwanangu, nikasema, hujambo, umekula nini? Na ndala zilikuwa zimeshaondoka. "Anacheza," bibi yako alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. Nilirudi bwenini nikaandika matamko makali kuhusu kila mwenye nguvu niliyemjua, nikilia, nikidhani nalilia nchi.

Nilipokuja kukuchukua ulijificha nyuma ya kanga yake. Wiki ya kwanza hapa Ngamiani ulishikwa na homa, mchana wa jua kali, ukaita "Mama!" Nikaacha kila kitu nikaja mbio. Ukafumbua macho. "Siyo wewe," ulisema. "Yule mama."

Ulikuwa na miaka kumi, ulikuwa na homa, na ulisema kweli. Wiki tatu baadaye nilikaa kuandika orodha ya wanaotambuliwa katika nyumba yangu. Nilipofika kwenye jina lake kalamu ilisimama. Nikajiambia: hakualikwa, hatakuja, wa nini? Nikaandika jina la muuza kahawa.

Na kuna jingine, ambalo hata baba yako nilimweleza nikiwa nimempa mgongo. Nilimwona. Kutoka juu ya kreti niliona kawa likija juu ya vichwa vya watu, nikajua ni yeye, nikajua umo ndani na unayo karatasi yangu. Ilikuwa hatua kumi kushuka na kusema, jamani subirini, huyu ndiye mwenye nyumba. Niliendelea kuhutubia. Nilikuwa nasema kwa sauti kuu kwamba siku zinakuja ambapo binadamu atasimama mlangoni kwa jamaa zake asijulikane. Watu walipiga makofi. Niliyangoja makofi yaishe.

Hata kuyangoja tu kusingekuwa aibu kubwa hivi kama nisingeyatafuta tena baadaye. Kazi ile ilipewa alama za juu. Nilialikwa kuieleza kwenye kumbi, na kila mara nilipofika katikati, wasikilizaji walipoanza kuangalia simu zao, nilitoa kisa cha bibi mmoja aliyekuja na mkate akakataliwa na mlango. Ukumbi ulinyamaza. Wengine walifuta macho. Nilimfanya hoja. Hoja hiyo wakati huo ilikuwa Pongwe inachambua mchele peke yake.

Bibi yako hakukanyaga tena Ngamiani. Baba yako alimpelekea uongo wangu: mtoto alikosea kusoma. "Haya, alikosea kusoma," bibi yako alimjibu. "Na sauti yangu? Hakuisikia?" Baba yako aliyarudisha maneno hayo mbele yako, hakujua anachofanya. Kuanzia wiki ile uliacha kubisha hodi.

Ulidhani sioni? Miaka tisa hujabisha hodi katika mlango wowote wa dunia hii. Unasimama, unaburuta ndala, unakohoa mara mbili. Majirani wanakujua kwa kikohozi. "Huyu mwanao," Bi Tatu aliniambia mwaka jana, "ana pumu au ana adabu mpya?" Nilicheka naye, kisha nikaingia chumbani nikafunga mlango. Kuanzia kesho kutwa nitakuwa mtu wa kukisikiliza kikohozi ambacho hakipo. Mara ngapi nitainuka hapa ukumbini kwa mtu mwingine aliyeburuta ndala! Nakutamani hata kabla hujaondoka, mwanangu. Nakutamani wa sasa, na nakutamani yule wa miaka saba aliyekimbia simu, na yule wa miaka kumi niliyempa karatasi.

Unakwenda kusomea uhandisi wa kompyuta. Vitu nilivyovitengeneza mimi kwa mbao na chupa, wewe utavitengeneza vya kweli. Vitawaka, vitauzwa, vitafungwa milangoni kwa watu. Wenzangu wengi wangependa nikwambie uvikatae. Sikwambii hivyo. Miaka mingi nilisimama na kutangaza kwamba mashine itaiua hodi, na katika mlango wangu mashine haikuwamo hata moja. Alikuwamo mama mwenye kinyongo aliyeandika orodha, na mtoto aliyefungiwa gizani aisome kwa sauti isiyo yake. Niliitisha watu waje waiogope kesho, nao wakaiogopa, na leo yangu ikapita mbele yao na bakuli kichwani.

Kwa hiyo hili tu, na ukipenda lisahau. Siku moja utapewa karatasi na mtu unayemwamini, mwenye elimu, mwenye maneno matamu kama mama yako. Igeuze mbele na nyuma, kama ulivyoigeuza. Na ukisikia nje sauti unayoijua na jina lake hulioni, acha kulitafuta kwenye karatasi. Toka nje ya ubao. Nilikuwa na wajibu wa kukufundisha hivyo Ijumaa ile, nikakufundisha kusema samahani.

Bibi yako macho yameingia ukungu yote mawili. Mtoto wa jicho, wamesema hospitali, ameandikiwa kurudi. Kwa sasa anajua watu kwa sauti tu. Idi iliyopita tulikwenda sote watatu, ukatangulia wewe, ukafika mlangoni pake ukakohoa mara mbili. "Nani?" akauliza. Hukujibu. Baba yako akasema, "Ni sisi, Mama." Bibi akanyoosha mkono hewani, akamshika baba yako, akanishika mimi. Kisha akasema, "Na mke mwenzangu hakuja?"

Ulikuwa umesimama mbele yake, hatua moja. Ukaupeleka mkono wako kwenye wake bila neno, naye akaubonyezabonyeza, akasema, "Ah. Umekua." Nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Bakuli la bluu liko kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni. Unajua kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Mwaka wa kwanza sikujua nikijaze nini. Mwaka wa pili nikaona nimechelewa. Baada ya hapo nilizoea kupitisha mkono kando yake nikichukua kikombe. Leo nimelitoa, nimelisugua. Mchele nimeshauloweka, nazi ninazo mbili. Alfajiri nitapika mkate wa kumimina mimi mwenyewe, na utakuwa mbaya kuliko wake, naye atasema hivyo mbele ya watu wote. Sijawahi kungoja lawama kwa hamu kama hii.

Haya, kikao hiki nakifunga. Katibu hayupo, kumbukumbu ni hii karatasi. Kabla hamjatawanyika, ndugu zangu, yaani kabla hujanyanyuka, Zuhura, sikiliza taarifa.

Mkutano unaofuata utafanyika kesho, Pongwe, mlangoni kwa Bibi Mwanakombo. Ajenda ni moja: kusoma orodha hii mbele yake, tangu jina la kwanza hadi la thelathini na moja, ili asikie mwenyewe kwamba hakuwamo, na ni nani aliyemwacha. Nitaisoma mimi. Sitasimama juu ya kitu chochote. Akitaka kunifukuza ana haki, bakuli litabaki. Basi la Arusha litakukuta palepale barabarani saa tano, baba yako ameshazungumza na kondakta, sanduku litapakiwa huku Tanga.

Hulazimiki kuja. Ukiamua kwenda moja kwa moja stendi, nitakwenda Pongwe hata hivyo, na mpaka utakapofika Arusha bibi yako atakuwa anajua kwamba mjukuu wake alisoma vizuri. Lakini ukija, hutakuwa na la kujieleza. Hodi ya kwanza nitabisha mimi, kwa jina langu lote. Baada yangu nitasogea kando, nitanyamaza, maana pale nyuma ya pazia atakuwa amekaa mtu asiyeona, anayengoja kusikia sauti moja tu.

Saa tatu kamili asubuhi.

Mama yako,
Saumu